Aliyekausha Kinamasi

Ukipita Burat, karibu na mji wa Isiolo nchini Kenya, mwezi wa Februari utaona vumbi, miiba na ngamia, na mtu akikwambia kwamba kuna mahali mguu unazama hadi gotini utamcheka. Lakini mahali hapo papo. Mto Isiolo unashuka kutoka miteremko ya Mlima Kenya, na penye chemchemi au bonde la chini kando yake ardhi hubaki tepetepe hata kiangazi kikiwa kikali. Ajabu ni kwamba mwenye kipande kama hicho mara nyingi hujiona amepunjwa. Jirani ana nyanya na vitunguu, yeye ana matete, vyura na mbu.

Wa aina hiyo ni wengi, kwa hiyo huyu wa kisa chetu tumwite Mwenye Shamba, inatosha. Alikodi vijana wenye majembe na sururu, wakachimba mfereji kutoka katikati ya kinamasi hadi mtoni. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Ajuza mmoja mwenye ng'ombe wachache akaja, akasimama ukingoni.

"Mjukuu wangu, haya maji unayapeleka wapi?"

"Mtoni, shosho."

"Mto una yake. Haya ni ya kiangazi."

Mwenye Shamba akacheka kwa adabu, kazi ikaendelea.

Msimu wa kwanza ulimpa haki. Nyanya zilizaa hadi matawi yakalala chini, makreti yakapakiwa kwenda soko la Isiolo, na yeyote aliyetia shaka akanyamaza. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Udongo ule mweusi ni majani na mizizi ya miaka mingi ambayo haikuoza kabisa kwa sababu maji yaliizuilia hewa. Ukiyaondoa maji, hewa inaingia, vyote vinaoza kwa pupa, na chakula cha mimea kilichokusanyika muda wote huo kinatoka kwa mkupuo. Mwenye Shamba alikiita rutuba.

Msimu wa pili ardhi ilishuka. Mashina yaliyokuwa yamefunikwa yakabaki na mizizi nje, na mfereji ukawa hauna kina, ukachimbwa tena. Nyufa zikatokea, za kuingiza kiganja kizima, na juu ya matuta ukaanza utando mweupe wa chumvi, kwa kuwa katika joto lile unyevu hupanda kutoka chini, hukauka, chumvi hubaki. Kisha mtu akachoma magugu. Moto wa majani ulizimika jioni. Wa chini haukuzimika. Udongo wenyewe ndio uliokuwa kuni. Ukimwaga maji hapa, moshi unatokea kule, hatua tatu mbele, na ukikanyaga unasikia joto kupitia soli ya kiatu.

Haya si mambo ya Burat peke yake, wala Burat haina mboji nene kama ya Rugezi, kaskazini mwa Rwanda. Kinamasi hicho cha mafunjo hulisha Ziwa Burera, na maji ya ziwa ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Watu walichimba mifereji wakalima, mvua nazo zikapungua, mitambo nayo ikatumia maji mengi kuliko yaliyoingia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziwa lilishuka, umeme ukapungua, na Kigali ikalazimika kuwasha jenereta za dizeli kwa gharama kubwa. Serikali ikakataza kilimo ndani ya kinamasi; maji yakapanda polepole, na waliolipa kwanza ni wakulima wadogo walioondolewa.

Maji ya Burat nayo yana wenyewe huko mbele. Mto Isiolo huingia Ewaso Ng'iro, na Ewaso Ng'iro huelekea kinamasi cha Lorian, tegemeo la wafugaji wa nchi ile kavu.

Shamba lilipomharibikia, Mwenye Shamba alifikiria kupanda mikaratusi. Ni mti wa pesa, ila hunywa maji mno, na ndiyo maana mwaka 2009 waziri wa mazingira wa Kenya, John Michuki, aliagiza ing'olewe kandokando ya mito. Mwaka huohuo zilitoka kanuni za ardhi oevu, na anayetaka kukausha kinamasi anapaswa kupitia mamlaka ya mazingira, NEMA, kwanza. Vijana wa sururu hawakuuliza kibali, naye hakuwakumbusha.

Mwishowe aliziba mfereji kwa magunia ya mchanga, hatua kwa hatua, maji yasije yakabomoa yote kwa mpigo. Penye tope akapanda nduma, zao linalopenda miguu kulowa na lisilodai pampu wala petroli. Pembeni, palipo pakavu kidogo, akaweka nepia, na shosho huleta samadi kubadilishana na majani. Matete ya katikati yaliachwa. Hukatwa ya kuezekea, mashina yakabaki. Mizinga ya nyuki ilitundikwa kwenye miti ya ukingoni.

Palipoungua bado pana shimo, na nduma hazimei humo. Naye hajaacha kulalamika: nyanya zilimpa pesa kwa miezi mitatu, nduma zinataka karibu mwaka.