Matone 42

Mfuko mmoja wa dripu una mililita 1,000. Daktari akiandika kwamba uishe kwa saa 8, na mrija mlio nao unatoa matone 20 kwa kila mililita, nesi anazidisha 1,000 kwa 20, halafu anagawanya kwa dakika 480. Anapata 41.67. Anaiita 42. Kisha anasimama kando ya kitanda, jicho moja kwa saa, jingine kwa dripu, akizungusha kale kagurudumu mpaka matone yawe 42 kwa dakika.

Hesabu hii niliijua mwaka 2021, saa tisa usiku, chumbani kwangu hapa Awendo. Sijawahi kusomea uuguzi hata siku moja. Nilikuwa namfanyia mwanafunzi fulani wa Marekani. Yeye alikuwa anatafuta unesi, mimi natafuta pesa ya stima.

Ukisikia kijana wa Kenya akisema “mimi huandika,” usidhani ni mashairi. Mwanafunzi wa Marekani, Uingereza au Australia analipa tovuti fulani. Oda inaangukia akaunti ya mtu, mara nyingi yuko Nairobi, naye anaisukuma kwa vijana kama mimi na kukata yake. Kwangu ilifika ikiwa shilingi 300 kwa ukurasa, kupitia M-Pesa, usiku wa manane kwa sababu huko ni mchana. Si siri tena. New York Times waliandika habari za Wakenya wanaofanya kazi hii mwaka 2019. Australia wakatunga sheria ya kuzuia biashara hiyo mwaka 2020, Uingereza nao wakafuata mwaka 2022. Sheria zote mbili zinamlenga muuzaji. Mwanafunzi anayenunua haziko naye.

Mimi nilikuwa nasomea ualimu, Kiingereza na fasihi. Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona, nikarudi nyumbani na begi moja. Vilipofunguliwa, karo yangu ilikuwa bado imesimama shambani, haijakatwa. Miwa huchukua mwaka mmoja na nusu hivi kukomaa, na chuo hakingojei miwa. Rafiki yangu aliyeachia uhandisi mwaka wa tatu ndiye alinionyesha njia. Tukakodisha vyumba viwili vinavyopakana, karibu na soko. Yeye mahesabu na mihimili ya zege, mimi kila kitu chenye maneno.

Na nilisoma, bana. Hilo sitaki mtu anikatalie. Jumatatu nilikuwa mchumi, Alhamisi daktari. Niliandika kurasa 12 kuhusu chanjo ya malaria ya RTS,S, ile ambayo Kenya iliizindua Homa Bay mnamo Septemba 2019, kaunti jirani kabisa. Nimesoma majarida ya afya kuliko wanafunzi wengi wa afya. Mtu akiniuliza kama nimeacha masomo, najibu kwamba masomo hayakuniacha, ni jina langu tu ndilo lililoachwa.

Lakini kuna oda moja ya uchumi bado inanisumbua. Mteja alitaka ukosoaji wa utafiti wa Casaburi na Willis, uliochapishwa mwaka 2018 katika American Economic Review. Watafiti hawa waliwauzia bima ya mazao wakulima wa miwa wa magharibi mwa Kenya. Wale walioambiwa walipe mapema, asilimia 5 tu ndio walinunua. Wale walioambiwa ada itakatwa wakati wa mavuno, asilimia 72. Bima ni ile ile, tofauti ni siku ya kulipa. Watafiti wanaeleza: wakati wa kupanda mkulima hana pesa mkononi, na hata akiwa nayo, mahitaji ya leo yanapiga kelele kuliko hasara ya mwaka ujao. Pia analipia leo kitu ambacho hana hakika kitamfikia kesho.

Nilimsomea Baba hiyo sehemu asubuhi. Ana ekari mbili za miwa. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba maji ni majimaji. “Sasa nyathina, hao walienda shule mpaka wapi ndio wajue hivyo?” Halafu akanieleza jambo ambalo sikuliona kwenye karatasi: kwamba mkulima anapokubali kukatwa mwishoni, anapata mwenzake wa kungoja naye. Kama lori halikuja na miwa ikakauka, mwenye bima naye anakosa. Ukilipa mapema unangoja peke yako.

Nikaiweka hoja hiyo kwa Kiingereza safi, aya nzima. Kesho yake oda ikarudi na maelezo mekundu: chanzo ni nini? Niliketi hapo muda mrefu. Chanzo ni Baba, alikuwa hapo nje akinoa panga. Nikafuta aya, nikatuma, nikalipwa.

Naweza kukaa kwenye hasira hii, na wasee wengi wa kazi yetu wanakaa humo. Inapasha joto. Tunasema: wanakuja kututafiti, wanaandika juu yetu, halafu watoto wao wanashindwa kuyaelewa waliyoandika wazazi wao, wanatulipa sisi tuwaelezee. Nani mwizi hapo? Patricia Kingori, profesa wa Oxford aliyezaliwa Kenya, amelifuatilia suala hili, na mwaka 2024 ilitoka filamu iitwayo The Shadow Scholars, akiwa ndani yake, kuhusu waandishi wa Kenya. Nilifurahi kuona kuna mtu mwenye cheo anayetuita wasomi. Niliogopa pia, maana nikisifiwa hivyo nitasahau kujiuliza kitu cha msingi. Kuonewa kwangu ni kweli. Je, kunanipa ruhusa gani, na juu ya nani?

Zamani jibu langu lilikuwa jepesi. Sijaiba, nimeuza jasho. Kila neno niliandika mwenyewe, na mengi yalikuwa ya kweli. Uongo uko wapi?

Mwaka 2023 nyanya yangu, ambaye sote tunamwita Dani, aliharisha siku tatu mfululizo tukamkimbiza hospitali. Wakamwekea dripu. Nilikuwa naye usiku, na aliyekuja kurekebisha alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, msichana wa umri wa mdogo wangu. Alisoma faili, akaandika kitu kwenye kiganja kwa biki, akatazama saa yake na kuanza kuhesabu. Bila kupanga, mimi pia nikaanza kuhesabu. Nilijua jibu. Nilikuwa nahesabu kumkagua yeye.

Alikuwa sahihi. Lakini kwa hiyo dakika moja nilitoka jasho. Dani ana miaka themanini na kitu, na moyo wa mzee ukijazwa maji haraka hushindwa kuyasukuma, yanapanda kwenye mapafu. Hilo pia nilikuwa nimeliandika, ukurasa wa tatu. Nilimuuliza yule dada alijifunza vipi. “Tulirudia mpaka nikalia,” akasema, akaenda kitanda kingine. Mimi sikumwambia huwa nafanya kazi gani.

Tangu siku hiyo naona nilikuwa nimekosea jina la bidhaa. Nilidhani nauza karatasi. Cheti cha shule ni ushahidi: kinamwambia mtu asiyekujua, aliyelala kitandani na hawezi kukuhoji, kwamba huyu anajua. Mimi nilikuwa shahidi wa kulipwa, shilingi 300 kwa ukurasa, juu ya mtu ambaye sijawahi kumwona. Kila sentensi inaweza kuwa ya kweli na ushahidi ukawa wa uongo. Na yule ninayemdanganya si profesa wa Ulaya aliyemtafiti Baba. Ni Dani ya mtu.

Rafiki yangu hakubali. Anasema nesi wa Marekani hashiki mgonjwa bila kupita mtihani wa leseni, NCLEX, na huo hauandikiwi na mtu wa Awendo. Asiyejua atakwama hapo. Ni hoja nzuri na inanisumbua. Nilimjibu kwamba hiyo ni kama kutoboa chandarua cha mwenzako ukisema si dawa ya malaria ipo. Akacheka, kisha akauliza lililo gumu zaidi: “Na mihimili yangu je? Daraja haliangukii watu? Na uchumi wako? Mtu akikosea sera ya sukari, si ni Baba yako anaangukiwa?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejichorea mstari mahali panaponiruhusu kuendelea kula. Uuguzi na udawa sishiki, mengine nashika.

Siku hizi hata mstari wenyewe unafifia. ChatGPT ilikuja Novemba 2022 na oda zikapungua, bei nayo. Nyingi zinazobaki ni za kulainisha: mwanafunzi ameandikiwa na mashine, anataka mtu aivuruge kidogo ionekane ya binadamu. Tumetoka kuwa wasomi wa kivuli, tumekuwa kivuli cha mashine.

Wiki jana mwenye akaunti alinitumia oda. Uuguzi, kurasa 6, hesabu za dozi za watoto, kesho asubuhi. Bei ya zamani. Nikasema hapana, na nilijisikia mtu mzima kwa takriban saa moja.

Oda ilihamia chumba cha pili. Nilisikia kibodi yake mpaka alfajiri. Asubuhi 1,800 iliingia kwa simu yake, akashuka sokoni, akarudi na chapati na maharagwe za watu wawili, akagonga mlango. Nilifungua. Tulikula.