Kozi Mbili Nzuri, Uamuzi Mmoja



Kuna swali vijana wananiuliza sana siku hizi: "Frateri, nataka kusoma sayansi ya kompyuta mtandaoni. Nianze na CS50 ya Harvard au ile ya Python ya MIT?" Wapo watakaosema frateri hahusiki hapo. Mimi naona ananihusu kabisa, maana huyo kijana anachagua kati ya mema mawili. Jema na baya tunayatofautisha haraka. Mema mawili ndiyo yanatukwamisha mwaka mzima.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba fadhila ya busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru. Tuyafuate.

Kwanza, shauri. Jua unachokichagua. CS50 inaanza na Scratch, inaingia kwenye lugha ya C, halafu Python, SQL na kutengeneza tovuti, na mwisho unafanya mradi wako mwenyewe. Ni pana, na cheti chao cha msingi ni bure. Ile ya MIT inabaki na Python, inakufundisha kulivunja tatizo vipande vipande na kupima kama programu yako ina kasi. Masomo yake yapo bure OpenCourseWare, ila hapo hakuna cheti. Hata Yesu katika Luka 14:28 anamsifu anayekaa chini kupiga hesabu kabla ya kujenga mnara. Basi nawe piga hesabu: bando, saa za jioni, Kiingereza chako, kompyuta unayoazima.

Pili, hukumu. Je, unataka kuona uwanja wote, au unahitaji lugha moja ikusaidie kazini mapema? Mtakatifu Ignasi wa Loyola ana njia nzuri: fikiria mtu usiyemjua kabisa, unayemtakia mema tu, yupo katika hali yako. Ungemshauri nini? Shauri hilohilo lichukue wewe.

Tatu, kuamuru, yaani kujiambia "anza" na kuanza kweli. Tomaso anasema hili ndilo tendo kuu la busara, na hapa ndipo wengi tunaanguka. Kijana amejiandikisha kozi tano, hajamaliza hata moja. Kujiandikisha kunampa raha ya mtu aliyefanya kitu, kumbe bado. Wakati huo dada yake anajinyima kumtumia hela ya bando, akiamini mdogo wake anasoma. Ndugu yangu, hapo suala si kompyuta tena. Ni haki.

Na ukishaanza, kuna wiki itakuja ngumu. Kwenye CS50 wengi wanaipata kwenye somo la kumbukumbu ya kompyuta. Kichwa kinauma, na ghafla ile kozi nyingine inaonekana tamu. Ignasi anatuonya: ukiwa katika ukiwa wa roho, usibadili uamuzi ulioufanya ukiwa na amani. Kama ulianza bila shauri lolote, sawa, rudi ukajipange upya. Lakini ugumu peke yake si ishara kwamba Mungu anakuita kwingine.

Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alijifunza kompyuta mwenyewe. Hatumkumbuki kwa wingi wa alivyojua. Tunamkumbuka kwa sababu kile alichojua alikitumia kuwaonyesha watu miujiza ya Ekaristi.

Wiki hii fanya hivi: sali dakika kumi kwa utulivu, ongea na mtu mmoja aliyemaliza kozi mojawapo, andika sababu zako kwenye karatasi, kisha chagua. Zile nyingine jiondoe. Mshika mbili moja humponyoka.

Tusali: Ee Roho Mtakatifu, utupe mwanga wa kuchagua, na nguvu ya kumaliza tulichochagua. Amina.

Tafakari njema!