Mzigo wa Mwenzio

Wazee wetu walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Maana yake, taabu anayoichukua mwingine twaiona nyepesi kwa kuwa haituelemei sisi. Maneno haya yafaa kukumbukwa Tunduma, mkoani Songwe, maana huo ni mji wa mizigo.

Hapo ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapoingia Zambia. Malori yapita mchana na usiku, mengine yakielekea hata Kongo. Zamani kila lori lilisimama mara mbili: kwanza katika nchi liliyoiacha, kisha katika nchi liliyoingia. Ili kuipunguza taabu hiyo, serikali mbili zilijenga Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani, nao Marais John Magufuli na Edgar Lungu wakakizindua Oktoba 2019. Maofisa wa nchi zote mbili wakae chini ya paa moja, na lori likaguliwe katika nchi linayoingia tu: ndilo lililokusudiwa.

Ni jambo jema. Lakini twauliza: je, paa moja lawafanya watu kuwa wamoja? Wakala wa forodha akijaza hati kwa uzembe, ofisa hawezi kuzipitisha. Ofisa akichelewa kufika mezani, dereva hulala barabarani. Mchukuzi akifunga turubai ovyo, mvua huharibu mali. Na kila mmoja wao husema, "Mimi nimekwisha fanya sehemu yangu." Kumbe alipaye ni mtu wasiyemwona: mwenye duka aliyekopa fedha, au mke wa dereva angojaye ada ya watoto.

Basi kushirikiana si kukaa pamoja, wala si kuchekeana. Ni kuifanya kazi yako ukimfikiria yule atakayeipokea baada yako.

Tena tujihadhari, maana kuna ushirikiano wa uongo. Watu wa ofisi moja wakificha kosa la mwenzao, au wakigawana rushwa, hujisifu kwamba wanasaidiana. Sivyo! Hiyo ni njama, kwani umoja wao ni juu ya hasara ya yule asimamaye nje ya dirisha. Rafiki wa kweli kazini humwonya mwenziwe faraghani, kabla kosa halijawaumiza wengine.

Mfano mwema upo papo hapo Tunduma, nao ni reli ya TAZARA inayovuka mpaka huo. Kati ya mwaka 1970 na 1975 Watanzania, Wazambia na Wachina waliijenga njia hiyo ya kilometa 1,860, na wengine walifia kazini. Lugha zao zilikuwa mbali mbali, na pengine hawakuelewana ila kwa ishara. Lakini kila chuma kilipaswa kuungana sawasawa na kile kilichotangulia, ama sivyo treni ingeanguka. Hata leo kazi ya watu wengi hupimwa penye kiungo.

Enyi wazazi, somo hili halianzi ofisini. Mtoto anywaye maji ya mwisho, akauacha mtungi mtupu pasipo kumfikiria ajaye nyuma yake, kesho atakuwa karani au fundi wa namna hiyo hiyo. Afundishwe angali mdogo kwamba mzigo wa mwenzio nao una uzito.