Gari Liliulizwa Mwisho

Corolla yangu, AE100 ya mwaka 1994, ilianza kunywa petroli kupita kiasi. Moshi ukawa mweusi, injini ikimisi kila ipatapo moto, na taa ya injini kwenye dashibodi ikawa inawaka nikipita kwenye mashimo, kisha inazimika yenyewe. Fundi alifungua plagi, akazikuta zimejaa masizi. "Kaka, hii ni sensa ya oksijeni," akasema. Nikanunua. Moshi haukukoma. Juma lililofuata akasema huenda ni sensa ya joto la maji. Nikaenda Kariakoo, nikaleta ya mtumba. Moshi ukabaki uleule. Mshale wa joto ulikuwa umetulia katikati, naye akauonyesha: "Joto halina shida." Akaanza kuitaja pampu ya mafuta. Hapo ada ya muhula mzima ya binti yangu ilikuwa imeshateketea.

Mzee mmoja, fundi umeme wa magari, ndiye aliyeliuliza gari lenyewe. Alifungua kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSTIC ndani ya boneti, akaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, akafungua swichi bila kupiga stata. Taa ikapepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili tena. Ni namba ya hitilafu 22: njia ya umeme ya sensa ya joto la maji.

Hata hivyo hakunituma dukani. Alichomoa soketi, akaipima sensa kwa mita injini ikiwa baridi: kama omu 2,000. Injini ilipopata moto, karibu 300. Sensa ilikuwa nzima. Ndipo akanigeuzia soketi niione: ndani imeota kutu ya kijani.

Akanieleza. Ukinzani wa sensa hii hushuka kadiri maji yanavyopata moto. Kutu ilikuwa ikiuongeza njiani, basi kompyuta ikadhani injini bado ni baridi na kuzidi kumwaga petroli. Kwenye shimo waya ukiachia kabisa, taa inawaka. Nao mshale wa dashibodi una sensa yake nyingine, yenye waya mmoja. Haukuwa shahidi wa kesi hii. Akafunga soketi mpya, akachomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika kufuta kumbukumbu. Moshi ukakoma siku ileile.

Kuuliza si ujinga, na jibu la gari langu lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Wewe mwenye gari la zamani, fundi akikutajia sensa, mwombe kwanza asome namba, kisha apime sensa, soketi na waya wake. Namba hukuonyesha njia yenye hitilafu; haisemi kwamba sensa imekufa. Asiyetaka kupima, usimpe hela ya spea.