Yasiyothibitika si lazima yawe uongo

Wapendwa wakatekumeni, mtu akiwaambia, "Lisilothibitika ni uongo," msifadhaike. Tazameni hesabu.

Ukiwagawia watoto 3 machungwa 12, kila mmoja hupata 4, kwa kuwa 4 mara 3 ni 12. Lakini 12 kugawanya kwa 0 ni ngapi? Si 0, wala si namba nyingine, kwa maana hakuna namba ambayo mara 0 huwa 12. Swali hilo halina jibu kwa sababu halina maana.

Jambo la pili ni mbali na hilo. Mwaka 1931, huko Vienna, Kurt Gödel alionyesha kwamba kanuni za hesabu zilizopangwa vema, zikiwa hazipingani, hazikamiliki: yako maneno ya kweli juu ya namba yasiyothibitika kwa kanuni hizo.

Basi swali lisilo na maana tuliache. Ukweli usiothibitika hubaki ukweli. Walakini tusiseme kwamba hoja hiyo inathibitisha imani yetu. Yahusu hesabu tu. Nawe ukiulizwa usilolijua, sema, "Sijui." Kubuni jibu ili kuitetea dini ni uongo vilevile, na uongo ni dhambi.