Mzee na Bunduki Zake

Swali la mwezi huu latoka mbali, katika nchi ya Marekani, na huenda wengine wakasema: La nini kwetu? Nawaomba wavumilie kidogo.

Katika nchi ile raia wa kawaida aweza kuwa na bunduki, wala si moja tu. Wako watu wenye 20, wenye 30, na hata zaidi, nao si askari wala si wanyang'anyi. Ni wakulima, waalimu, mafundi, na wazee wa kanisa. Katika jimbo la Minnesota, walikohamia Waswidi na Wanorwe wengi waliojenga makanisa ya Kilutheri, mwezi wa Novemba ni majira ya kuwinda ayala. Baba humchukua mwanawe mwituni alfajiri, katika baridi ambayo sisi hatuijui, na bunduki anayompa labda ni ile aliyopewa na baba yake. Kisha yuko anayependa kuzikusanya kwa ajili ya ufundi wake na habari zake, kama mwingine akusanyavyo vitabu. Hivyo miaka hupita, na kasha la chuma hujaa.

Tumfikirie mzee mmoja wa namna hiyo. Simpi jina, maana wako wengi. Ana miaka 78, mkewe amekwisha kufariki, watoto wake watatu wakaa mbali. Katika kasha lake mna Winchester ya mwaka 1873, iliyoundwa kabla babu yake hajazaliwa. Mna bunduki mbili za kuwindia. Mna M1 ya askari wa Marekani katika vita ya 1939–45. Mna bastola ya Kijerumani, Luger, ambayo baba yake alirudi nayo kutoka vita hiyo. Na nyingine nyingi. Afanye nini nazo kabla hajaitwa?

Jibu la upesi ni hili: Ni mali yake, na aandike wasia kama aandikiavyo shamba. Mimi naona jibu hili ni fupi mno. Ng'ombe akirithiwa na mtu asiyejua kufuga, hasara ni ya ng'ombe na ya mrithi. Bunduki ikirithiwa na mtu asiyeijua, hasara yaweza kuwa ya mtoto wa jirani, ambaye hakutajwa katika wasia wo wote. Tena yeye aliyezikusanya ndiye peke yake ajuaye ni ipi yenye risasi ndani, ni ipi iliyoharibika kufuli, ni ipi ya thamani, na ni ipi isiyoruhusiwa na sheria. Maarifa hayo hayamo katika kasha. Yamo kichwani mwake, nayo yatazikwa pamoja naye asipoyatoa.

Neno la sheria si dogo. Kwa sheria ya nchi nzima, bunduki iliyoundwa mwaka 1898 au kabla yake yahesabiwa kuwa kitu cha kale, wala haifuatwi kwa masharti kama zilizo mpya. Lakini bunduki ya rashasha ni habari nyingine: tangu mwaka 1934 ilipaswa kuandikwa katika daftari la serikali. Askari wengi walirudi na silaha za adui bila kuziandikisha, na mwaka 1968 serikali ilitoa msamaha wa siku 30, tangu tarehe 2 Novemba hata 1 Desemba, ili aliye nayo aiandikishe pasipo kushtakiwa. Siku zile zilipita, na aliyenyamaza akabaki na kitu kisichoweza tena kuhalalishwa nyumbani mwake. Basi fikirini mjane apandaye darini baada ya mazishi, afungue sanduku la mumewe, aikute. Hakufanya neno lo lote, naye amekwisha kuingia katika taabu. Mumewe alidhani amemwachia kumbukumbu. Kumbe amemwachia kosa. Heri mzee aende kwa wakili yeye mwenyewe, na mapema.

Watoto nao je? Hapa wazee wengi hukosea kwa upendo. Mzee hudhani mwanawe wa kwanza atazitaka zote, kwa kuwa yeye mwenyewe alizitaka za baba yake. Hamwulizi, maana kuuliza ni kukiri ya kuwa mauti yako karibu. Mwana naye hasemi, asije akamhuzunisha baba. Kumbe ana watoto wadogo katika nyumba ya mjini, na mkewe hataki silaha chini ya dari moja nao. Binti, ambaye hakuna aliyemwuliza, ndiye aliyekaa na baba mwituni miaka 10 na angeipokea bunduki ya kuwindia kwa machozi ya furaha. Ni lazima waketi mezani na kusemezana, na mzee awe tayari kuambiwa: Hapana, baba, sizitaki. Neno hilo laumiza, wala si dharau kwake.

Zisizo na mrithi huenda zikauzwa. Sheria ya nchi yamtaka mfanya biashara mwenye leseni amchunguze mnunuzi kwanza. Lakini mtu wa kawaida amwuziapo mwenzake wa jimbo lile lile, sheria hiyo haimlazimishi kuchunguza, ila asimwuzie anayejua au mwenye sababu ya kudhani ya kuwa amekatazwa silaha. Majimbo kadhaa yameongeza masharti. Minnesota, tangu Agosti 2023, yataka uchunguzi au kibali kwa bastola na kwa bunduki za namna fulani ya kijeshi, hata kati ya mtu na mtu. Bunduki ya kawaida ya kuwindia haimo. Basi aje kijana asiyejulikana, mwenye fedha taslimu na haraka nyingi. Mzee atasema: Mhunzi auzaye kisu haulizwi kisu kilimchinja nani. Ni kweli, hakuna mtu awezaye kuijibia kesho yote ya kitu alichokitoa mkononi. Mzee akiuza kwa njia ya mfanya biashara mwenye leseni, akikubali kupata pungufu ili mnunuzi achunguzwe, na baadaye ubaya ukatokea, mimi siwezi kumhesabia damu. Lakini kama hakuuliza kwa sababu aliogopa kupoteza bei, basi kutojua kwake amekununua kwa fedha, wala hakumfai kuwa udhuru.

Wengine hutumaini nyumba ya makumbusho. Mjane wa Samuel Colt, yule mwenye kiwanda cha bastola, aliyefariki mwaka 1905, aliliachia jumba la Wadsworth Atheneum mjini Hartford mkusanyo wake, na silaha za mumewe zimo. Walakini si kila mtu ni Colt. Winchester za namna ya 1873 ziliundwa zaidi ya 700,000, na makumbusho yanazo za kutosha.

Iko njia ya kuziharibu. Mzee mwenye ufundi hulia asikiapo hivyo, nami namwelewa, kwa maana kitako kilichochongwa kwa mkono wa fundi mwema ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini anayetaka ziharibiwe asidhani ya kuwa kuzipeleka polisi kwatosha. Huko Kentucky silaha zilizokamatwa huuzwa kwa mnada, na Arizona ilitunga sheria mwaka 2013 ya kutaka hata zile zilizotolewa kwa hiari ziuzwe tena. Heri aulize kwanza. Mwaka ule ule wa 2013, katika mji wa Colorado Springs, walianza watu waitwao RAWtools, ambao hupokea bunduki, hukata mitutu, huitia motoni na kuifua iwe majembe na zana za bustani. Msomaji ajua ni nabii gani waliyemsoma.

Nilikuwa karibu kuipita ile Luger, lakini ndiyo inisumbuayo kuliko zote. Bastola ile ilikuwa ya mtu. Baba wa mzee hakusema kamwe jinsi alivyoipata: kama aliichukua kwa mfu, au kwa mateka aliyeinua mikono, au aliinunua kwa sigara kwa askari mwenzake. Kwa mkusanyaji ni kitu cha bei njema. Je, yafaa iuzwe kama saa ya ukutani? Sithubutu kusema ni dhambi. Lakini naona ya kuwa mzee anadaiwa hapo kitu zaidi ya bei, na yamkini deni hilo ni kuandika tu: karatasi moja kwa kila silaha, ilitoka wapi, ilifanya nini, na pale asipojua, akiri ya kuwa hajui. Atakayeipokea, au atakayeiyeyusha, ajue ameshika nini.

Limebaki neno la wakati, nalo ni gumu. Mwaka 2023 katika Marekani watu kama 46,700 walikufa kwa bunduki, na zaidi ya nusu yao, kama 27,300, walijiua wenyewe. Wanaume waliopita miaka 75 ndio wenye kiwango kikubwa cha kujiua kuliko watu wa rika lo lote, na walio wengi kati yao hutumia bunduki. Mzee hufiwa, huugua, usiku huwa mrefu, na kasha li karibu. Wengine akili huanza kupotea, hata baba asimtambue mwanawe aingiaye mlangoni gizani. Siku hiyo ikifika, yeye hataijua. Ndiyo sababu ya kuamua kabla, angali na akili timamu.

Basi tuseme mzee wetu amekwisha kugawa, ameuza, ametoa. Amebakiza bunduki moja ya kuwindia, maana bado atamani Novemba moja. Amwita binti yake aliye karibu kuliko wengine, ampa ufunguo wa kasha, na wa pili pia. Amwambia ya kuwa wakati wa kuwinda watafungua pamoja.

“Na ukinitaka nikurudishie siku nyingine?”

“Usinipe.”

“Hata ukinikasirikia?”

Mzee akatazama dirishani, theluji ilikuwa imeanza. Akamwambia aendeshe gari taratibu, barabara ina utelezi.