Hongo na Haki ya Mchezo

Wachezaji wawili wanapoketi mbele ya bao hawana haja ya kuapishana. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na kila mmoja ana haki ya kete 32: 10 huwekwa mashimoni, 22 hubaki mkononi. Tajiri na maskini, mzee na kijana, hukutana hapo wakiwa sawa kwa hesabu. Wakizidiana, huzidiana kwa akili na kwa mazoea. Aliyeshindwa hawezi kulalamika kuwa mwenziwe alikuja na kete nyingi. Usawa huu haukuletwa na huruma ya mtu. Ni sharti la mchezo wenyewe, kwani ukiondolewa, kinachobaki ubaoni si bao tena bali ni kuhesabiana mali.

Mchezo wa mikakati wa kompyuta umerithi sharti hilo, lakini umeingiwa na jambo ambalo bao halikulijua. Ubao wake una mwenyewe, naye yuko mbali, na kila baada ya miezi kadhaa huleta shimo jipya au kete mpya na kuiuza. Mwanafunzi aliye katika bweni la Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, huweza usiku mmoja kukutana katika pambano na kijana wa Helsinki ambaye hatamwona maisha yake yote. Mmoja amelipia nyongeza, mwingine hakulipia. Swali ni malipo ya namna gani huuacha mchezo ukiwa mchezo, na ya namna gani huuvunja.

Uwanda wa kati wa Tanzania una neno la kale linalofaa kulipimia swali hili. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji katika karne ya 19 ilipita kwanza Marenga Mkali, nchi kavu iliyo baada ya Mpwapwa, ndipo ikaingia Ugogo. Huko maji yalikuwa machache na yalikuwa na wenyewe. Watemi wa Wagogo walitoza hongo ya vitambaa, shanga na nyuzi za shaba, na msafara ulipotoka katika nchi ya mtemi mmoja ulikutana na madai ya wa pili. Burton aliyepita mwaka 1857, na Stanley aliyepita mwaka 1871, waliacha katika vitabu vyao manung'uniko mengi juu ya hongo hiyo. Wagogo hawakuandika kitabu cha kujibu, na msomaji wa leo hulazimika kuisikia kesi kwa kinywa cha mshtaki peke yake.

Hata hivyo, ndani ya manung'uniko hayo mna mambo mawili yaliyochanganywa. Kisima katika nchi kavu huchimbwa kwa jasho, na mamia ya wapagazi wakinywa kwa siku mbili, wenyeji na ng'ombe wao hupungukiwa. Mtemi aliyetoza kwa ajili ya maji na nafaka, na kwa amani ya njia, alitoa kitu akapokea kitu. Lakini mtemi aliyezidisha madai kwa kuwa aliona mgeni hana njia nyingine, huyo hakuuza maji, aliuza kiu. Neno moja lilibeba maana zote mbili. Baadaye ile njema ilififia, na katika Kiswahili cha leo anayesema hongo husikika kuwa anasema rushwa.

Katika michezo ya kompyuta mifano ya kuuza kiu si adimu. Clash Royale, mchezo uliotolewa na kampuni ya Supercell ya Ufini mwaka 2016, humtaka mchezaji akusanye kadi na kuzipandisha daraja. Kadi ya daraja la juu ina uhai mwingi na pigo zito kuliko kadi ile ile ya daraja la chini. Kupandisha daraja hutaka dhahabu, na dhahabu hupatikana kwa kucheza muda mrefu au kwa kulipa fedha. Asiyelipa hakukatazwa kufika. Amecheleweshwa tu, na ucheleweshaji huo umewekwa na yule yule anayeuza dawa yake. Tena watengenezaji hawakuwa gizani juu ya jambo hili. Katika mashindano ya ndani ya mchezo waliweka ukomo wa madaraja, na kadi iliyouzidi ikahesabiwa kuwa sawa na nyingine, ili ionekane ni nani ajuaye kucheza. Huo ni ushahidi uliotolewa na mshtakiwa mwenyewe: ilipotakiwa kujulikana bingwa ni nani, fedha ziliwekwa kando. Basi siku nyingine, ambazo ndizo nyingi, kilichokuwa kikijulikana ni nini?

Mtetezi wa biashara hiyo ana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Mpira wa miguu, atasema, hupendwa kuliko michezo yote Tanzania, na fedha zimeujaa. Simba na Yanga husajili wachezaji ambao klabu ya mkoani kama Dodoma Jiji haiwezi kuwagharimia, na bado timu zikikutana watu hukata tiketi, wala hakuna asemaye kuwa mpira umekoma kuwa mchezo. Kwa nini mchezaji wa kompyuta aone vibaya akishindwa na mwenye mfuko mnene?

Jibu halimo katika wingi wa fedha. Limo katika mikono inayozipokea. Fedha za usajili humwendea mchezaji na klabu aliyotoka. Hazimwendei mwamuzi. Shirikisho linaloandika kanuni haliuzi goli la nyongeza, wala halipanui lango la timu ambayo haikununua kitu dukani kwake. Likifanya hivyo, hata shabiki wa timu iliyopendelewa ataondoka uwanjani kwa aibu. Katika mchezo wa kompyuta mtu mmoja ni mtunga sheria, mwamuzi, mwenye uwanja na mwuza viatu. Mtu wa namna hiyo hata akiwa mwaminifu hatoshi kuaminiwa kwa neno lake, kwani kila anapotunga sheria faida yake humnong'oneza sikioni. (Na hali hiyo ya mpira si ya kusifiwa sana, mashabiki wa mikoani wana lao la kusema, na wana haki.)

Iko nyongeza nyingine ambayo haiuzi nguvu waziwazi, nayo ndiyo ngumu kuhukumu. Age of Empires II ulipotoka mwaka 1999 ulikuwa na mataifa 13, na hakuna hata moja lililotoka Afrika kusini ya Sahara. Wahabeshi na Wamali waliingia mwaka 2015 katika nyongeza ya kulipiwa iitwayo The African Kingdoms. Kijana wa Dodoma aliyetaka kuongoza jeshi la bara lake ilimbidi alipe juu ya bei ya kwanza. Kijana wa Paris alikuwa amelikuta lake sandukuni tangu mwanzo. Toleo jipya la mwaka 2019 liliwaweka wote pamoja kwa bei moja, na hilo ni jema. Lakini anayechora mpaka kati ya msingi na nyongeza huwa amekwisha kusema, pengine bila kukusudia, ni nani mwenye nyumba na ni nani mpangaji.

Kwa upande wa ushindani, kanuni ya mchezo huo ni ya kiungwana kwa nusu. Asiyelinunua taifa jipya huweza kupambana na aliyelinunua. Hakuna anayefungiwa mlango. Nusu iliyobaki ni ya elimu. Aliyenunua hulichezea taifa lake usiku na mchana mpaka akajua linapoumia. Asiyenunua hulijua kwa kipigo. Mwaka 2022 ilitoka nyongeza ya Dynasties of India, na mojawapo ya mataifa yake, Wagurjara, lilikuwa na nguvu kupita kiasi. Marekebisho yaliyofuata yakalipunguza. Yamkini lilikuwa kosa la hesabu tu. Mataifa 40 hufanya jozi 780, na hakuna fundi awezaye kuzipima zote chumbani mwake kabla ya watu maelfu kuzijaribu. Lakini kosa ambalo kila likitokea humnufaisha aliyelikosea hudai kuchunguzwa zaidi ya kosa linalomtia hasara. Nguvu ya ziada huwavuta wanunuzi wiki ya kwanza, na marekebisho huja wakati fedha zimekwisha kuingia: aliyenunua kwa ajili ya nguvu hujiona ameibiwa, na asiyenunua amekwisha kupoteza mapambano yake.

Haki hapa haihitaji kwamba taifa jipya litolewe bure. Inahitaji kwamba maelezo yake yote, hesabu zake na udhaifu wake, yasomwe na kila mchezaji bila malipo. Na kwamba kwa muda fulani lijaribiwe na wote, walionunua na wasionunua, katika mapambano yasiyohesabiwa cheo, kabla ya kuruhusiwa katika mapambano ya cheo. Raha ya kulitumia taifa ni bidhaa halali. Ujuzi wa kujikinga nalo haupaswi kuwa bidhaa hata kidogo.

Njia nyingine ilionyeshwa na kampuni ya Paradox ya Stockholm katika Europa Universalis IV wa mwaka 2013. Mchezo huo ulipata nyongeza nyingi mwaka hata mwaka, lakini wachezaji wanapokusanyika, nyongeza za mwenyeji wa mchezo hutumika kwa wote kwa muda wa mchezo huo. Mmoja akinunua, wageni wake wote hula naye. Kwa mtu aliyekulia karibu na baraza jambo hili si geni. Bao zuri la mti mgumu lina thamani, na si kila mzee analo. Mmoja hulileta na wengine hucheza, wala hakuna anayeambiwa acheze kwa safu moja badala ya mbili kwa sababu hakuchangia ubao. Mwenye bao hupata heshima ya kuwa mwenye bao. Pengine huchagua pa kuketi. Hapati kete ya ziada. Uzuri wa kanuni hii ni kuwa haiondoi tofauti ya mali, ila huizuia isivuke ukingo wa ubao. Walioketi pamoja wako chini ya sheria moja, ziwe chache au nyingi.

Upungufu wake uko mahali pawili. Kanuni hiyo ni ya watu wanaojuana. Wageni waliokutanishwa na seva usiku wa manane hawana mwenyeji, na hapo ukarimu hauna mtu wa kuutoa. Tena nyongeza zikilimbikizana kwa miaka, mgeni anayetaka kuwa mwenyeji siku moja hukuta deni la kutisha. Mwaka 2021 kampuni hiyo iliruhusu zote zilipiwe kwa kodi ya kila mwezi; mlango ukawa mwepesi kufunguliwa, na ukawa mwepesi kufungwa mwezi kodi isipolipwa.

Ni rahisi kumhukumu muuzaji kwa mtu asiyelipa mishahara. Na ifikiriwe kuwa vijana wanne waliosoma kompyuta Dodoma wametengeneza mchezo wa misafara ya kale: wachezaji sita, njia kutoka pwani hadi Ujiji, wapagazi, vitambaa, visima na watemi. Kitabu kikiuzwa kimeuzwa. Mchezo wa wachezaji wengi huendelea kula umeme na kodi ya seva hata siku ambayo hakuna aliyenunua. Wachezaji wao wengi ni wanafunzi ambao hulipia bando kabla senti moja haijamfikia mtengenezaji, na bei iliyo nyepesi kwa mshahara wa Ulaya kwao ni chakula cha siku kadhaa. Bei moja kwa wote, basi, ina usawa wa tarakimu tu.

Vijana hao wanaweza kuuza mapambo: bendera, rangi za vitambaa, ngoma za wapagazi. Ndivyo Dota 2 ulivyoishi tangu mwaka 2013, mashujaa wote wakitolewa bure na mavazi yakiuzwa, na hakuna vazi linaloongeza pigo. Wasithubutu kuyafungia mapambo hayo katika masanduku ya bahati, ambayo mnunuzi hajui atapata nini. Mamlaka ya Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kuwa masanduku ya baadhi ya michezo ni kamari, na Tanzania nayo ina sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo haikuandikwa ili watoto wafundishwe kamari na misafara ya kuchezea. Wanaweza pia kuuza njia mpya nzima, ya kutoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa, kwa kanuni ya mwenye bao. Au wanaweza kuuza kitu kidogo ambacho kingenunuliwa kuliko vyote hivyo: kisima katika Marenga Mkali, ambacho aliyelipa atakunywa na kuvuka kwa siku moja, na asiyelipa atawazika wapagazi wake njiani.

Kisima hicho kingelipa seva. Mmoja wao bila shaka atalisema hilo, na atalisema mwezi ambao fedha zimekwisha. Wala hatakuwa mtu mbaya. Wenziwe watakaomkatalia itawabidi wawe na mchezo mahali pa kisima hicho, na upo. Hongo ibaki ndani ya ubao: itozwe kwa shanga zilizopatikana katika mchezo huo huo, mtemi anayeitoza awe mchezaji wa saba aliyeketi pamoja nao, aweze kubembelezwa, kudanganywa, au kupigwa vita na kushindwa. Njia ya Kilwa iuzwe kando. Kama itapata wanunuzi wa kutosha kulipa kodi ya seva ya mwezi wa nne, halijulikani mpaka itolewe.